Bufe ya mwaloni, picha mbili na saa ya ukutani: tuandike bei gani kwenye orodha ya mirathi?

Kifunguamimba, Lubumbashi

Ndugu zangu, salamu. Baba yetu alifariki mwezi wa tatu mwaka huu katika nyumba ya Kamalondo alimokaa zaidi ya miaka arobaini, na tangu kilio kilipomalizika kila anayeingia mlangoni huniuliza neno moja: vitu vya mzee ni vya bei gani? Mimi ndimi mtoto wa kwanza, na baraza la familia limenikabidhi kazi ya likidateri, yaani msimamizi wa mirathi. Habari ya kiwanja na nyumba tumekwisha kuielewa. Kinachotusumbua ni vilivyomo ndani.

Baba alikuwa mtu wa reli. Mwaka wa 1974, muda mfupi baada ya zairianizasio, yaani serikali ilipotwaa mali za wageni, mhasibu mmoja Mbelgiji alikuwa akifunga mizigo arudi kwao, na baba alinunua kwake bufe kubwa ya mwaloni yenye vichwa vya simba vilivyochongwa milangoni, meza ndefu na viti vinane vya ngozi. Ilibidi ukuta wa mlango wa mbele uvunjwe upande mmoja ili bufe ipite, na alama ya sementi ya kuziba inaonekana mpaka leo. Zaidi ya hivyo kuna cherehani ya Singer ya kukanyaga, saa ya ukutani ya Junghans, redio ya Philips isiyosema tena, sahani za Boch ambazo tulikuwa tukiruhusiwa kuzigusa siku ya Noeli tu, jino la tembo lililochongwa, na misalaba miwili ya shaba ya zamani inayozuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo. Ukutani kuna picha mbili za kuchorwa: moja ya ndege na samaki, iliyoko sebuleni, na nyingine ya mamba muntu, yaani nguva, nusu mwanamke nusu samaki, iliyohamishiwa kwenye ujia tangu mama mdogo aliposema kwamba inamtazama akila.

Mama yetu mzazi alifariki mwaka wa 1994. Baba alioa tena mwaka wa 1997, na mama mdogo ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Tuko watoto saba, wanne wa mama wa kwanza na watatu wa mama mdogo, na namshukuru Mungu kwamba bado tunaketi meza moja. Ila mdogo wangu anayeishi Liège ameona kwenye simu bufe inayofanana na yetu, imeandikwa euro 5,000, na tangu siku hiyo hasikii lingine. Mnunuzi wa vitu vya zamani aliyepita hapa alitaja dola 300 kwa vyote, picha na misalaba ikiwamo. Baba mdogo naye anasema kwamba kwa desturi saa, redio na kiti cha mzee ni vya ndugu wa marehemu, wala havihesabiwi.

Ninaomba msaada wa mambo mawili. Nani hapa Lubumbashi anaweza kuthamini vitu vya namna hii kwa haki? Na bei ninayopaswa kuandika ni ipi: ya yule mnunuzi, ya Liège, au ile ambayo ningelipa kama ningemwagiza fundi anitengenezee bufe nyingine kama hiyo?

Karani Mstaafu

Pole sana kwa msiba, mama. Niliandika faili za mirathi katika mahakama ya amani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mara nyingi niliona familia zikigombania bei ya kitu ambacho hazijajua bado ni cha nani. Kwa hiyo niruhusu nianze na mwenye kitu kabla ya kufika kwenye bei.

Sheria inayotuongoza ni Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016. Inawaweka watoto wa marehemu, wa ndani ya ndoa pamoja na wa nje aliowatambua kisheria akiwa hai, katika kundi la kwanza, na kundi hilo linapata robo tatu ya mirathi kwa mafungu yaliyo sawa. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, ambamo mna mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Baba mdogo wako, basi, hakukosea kabisa aliposema kwamba ana haki, kwa kuwa yumo katika kundi hilo la pili. Lakini haki yake ni sehemu ya thamani, wala haimpi ruhusa ya kuitungua saa ukutani kwa sababu ni kitu cha kiume. Mkitaka kuiheshimu desturi, mpeni saa na bei yake iingizwe katika fungu lake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo husahauliwa kuliko yote. Bufe ilinunuliwa mwaka wa 1974, mama yenu akiwa hai. Je, walikuwa wamekwisha kuoana? Tafuteni cheti cha ndoa yao muone waliandikishwa chini ya utaratibu gani wa mali. Ikiwa ni ule wa kuchangia mali zilizochumwa ndani ya ndoa, nusu ya bufe, meza na viti ilikuwa ya mama yenu, na mama alipofariki nusu hiyo haikuhamia kwa baba kimyakimya ati kwa sababu vyombo havikutoka mahali pake. Naona mirathi ya mama haikufunguliwa, kama ilivyo kawaida katika nyumba zetu: akifa baba watu huja na kalamu, akifa mama watu hugawana vitenge tu. Ninyi wanne, basi, mnaweza kuwa na dai ambalo wenzenu watatu hawana. Sisemi mlidai. Nasema liandikwe, kwa maana likinyamaziwa leo litafufuka siku moja harusini, mtu akiwa na chupa ya nne mkononi.

Upande wa pili kuna mama mdogo. Kifungu cha 785 kinampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa na mumewe pamoja na vyombo vya ndani. Haki hiyo ni ya kutumia, si ya kumiliki, na haimruhusu kuuza. Lakini maana yake ni kwamba hakuna mrithi anayeweza kumwondolea meza anayolia chakula ati kwa sababu imekwisha kupewa bei. Kwenu haraka iko kwenye orodha. Kuuza kunaweza kungoja, hata miaka.

Orodha yenyewe iandikwe chumba kwa chumba, pande zote mbili zikiwa na shahidi. Usiandike «viti 8». Andika «viti 8 vya mwaloni, vya ngozi, kimoja kimevunjika mguu wa nyuma wa kushoto», kwa sababu mwaka ujao mtu atadai kwamba vilikuwa vizima alipoviona. Taja kila kitu kilipatikana lini na kwa njia gani, weka bei kwa dola pamoja na kiwango cha faranga cha siku hiyo, kisha wote watie saini na karatasi iambatishwe kwenye muhtasari wa baraza la familia. Kwa vyombo vya nyumbani, makubaliano ya warithi yaliyoandikwa vizuri yanatosha. Mkishindwa kukubaliana na shauri likafika mahakamani, hakimu anaweza kuteua mtaalamu, nanyi ndio mtakaomlipa.

Shemeji wa Mbali

Niongeze neno kutoka nje kidogo. Nilimsaidia dada yangu kufunga mirathi ya mumewe huko Uingereza, ambako vitu huthaminiwa kwa ajili ya kodi: mirathi ikizidi pauni 325,000, kwa kawaida kinachozidi hutozwa asilimia 40, ingawa anachorithi mke au mume hakitozwi. Sheria yao ya mwaka wa 1984 inasema kwamba thamani ni bei ambayo kitu kingepata kama kingeuzwa katika soko la wazi wakati wa kifo. Bei ya bima siyo, kwa kuwa hiyo ni bei ya kununua kingine badala ya kilichopotea. Wala bei iliyobandikwa dukani siyo, kwa kuwa mwenye duka ameingizamo pango lake na miezi yake ya kungoja. Kule warithi hutamani bei iwe ndogo ili kodi ipungue. Huku kwetu kila mmoja anatamani iwe ndogo kwa kitu anachokitaka yeye na kubwa kwa kile alichopewa mwenzake. Hata hivyo nadhani kipimo chenyewe kinafaa Kamalondo pia: mtu halisi angelipa nini, siku ile baba alipofariki, katika mji ule ule kitu kilipo?

Fundi wa Kampemba

Dada Kifunguamimba, pokea pole zangu. Mimi ni seremala, na kwa miaka kama kumi na mitano sehemu kubwa ya riziki yangu imetoka katika kutengeneza viti na makabati ya wazee kama ya baba yako. Nikwambie ukweli juu ya bufe kabla mdogo wako wa Liège hajakata tikiti.

Bufe za mwaloni zenye vichwa vya simba zilitengenezwa kwa wingi huko Ubelgiji, na mji uliosifika zaidi kwa kazi hiyo ni Mechelen, ambao wasemao Kifaransa huuita Malines. Bibi na babu zao waliona kwamba nyumba yenye heshima haiwezi kukosa bufe ya namna hiyo. Wajukuu hawazitaki. Vyumba vyao ni vidogo, mbao nyeusi nzito zimewachosha macho, na tangu miaka ya 2000 bei ya samani hizo imeporomoka huko Ulaya hata wengine huzitoa bure kwa atakayekuja na gari. Euro 5,000 aliyoiona ndugu yetu ni bei inayoombwa, si bei iliyolipwa, na tangazo la namna hiyo linaweza kukaa hapo mpaka liote kuvu. Mwambie atafute matokeo ya minada, ambako nyundo imekwisha kugonga. Kisha apige hesabu ya lori kutoka Lubumbashi mpaka Dar es Salaam au Durban, na ya meli baada ya hapo. Bufe hiyo haitatoka mjini humu, kwa hiyo bei yake ni bei ya mjini humu.

Lakini mwenye dola zake 300 kwa vyote naye anakuchezea. Mwaloni mkavu wa miaka hamsini haupindi, na hapa Lubumbashi wako wenye hoteli ndogo na mikahawa wanaoupenda hasa kwa sababu hakuna fundi wa kuwachongea simba wa namna ile.

Chukua tochi, toa droo zote za bufe, uzipindue juu ya mkeka. Tazama pembe, pale ubao wa mbele unaposhikana na wa pembeni. Ukikuta meno yasiyolingana, moja nene, jingine jembamba, na mstari wa penseli ya fundi bado unaonekana, hapo palikuwa na mkono na msumeno. Meno yakilingana yote kama ya kitana, ni kazi ya mashine, nayo bufe yaelekea ni ya karne ya 20 hata kama simba wake wana sura ya kale. Zunguka nyuma: mgongo ni wa mbao nzima au wa tripleksi, yaani plaiwudi? Pitisha ukucha kwenye ukingo wa mlango uone kama ni mwaloni mpaka ndani au ni ngozi nyembamba iliyobandikwa juu ya mbao duni. Halafu tafuta vitundu vya bungua. Vyenye ukingo mweusi na visivyotoa kitu ni vya zamani, havina neno. Ukifagia jioni na asubuhi ukakuta unga mweupe kama wa mahindi chini ya mguu wa bufe, mdudu yuko kazini, na kila mnunuzi mwenye macho atapunguza bei. Viti usivitazame tu, vikalie kimoja kimoja, uyumbe kulia na kushoto, usikilize.

Cherehani watu huithamini vibaya sana. Kwenye mwili wa Singer kuna nambari inayotanguliwa na herufi, na kwa nambari hiyo unaweza kuujua mwaka. Lakini mashine hizo zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo uzee peke yake haununuliwi. Mpelekee fundi nguo wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ashone nayo kipande cha jinzi. Ikishona, bei yake ni ya cherehani inayoshona. Ikikataa, ni chuma na meza. Saa ya Junghans ifunguliwe na fundi saa, bei itategemea kama inatembea. Sahani zihesabiwe na kugongwa kwa kucha, iliyopasuka haitoi mlio.

Kuhusu nani athamini: mtu yeyote anayejua vitu, mradi si yeye atakayenunua. Mlipe fedha ya siku, usimpe asilimia ya bei, kwa kuwa asilimia humfanya mtu aone dhahabu kila mahali. Ukikosa mtu wa namna hiyo, fanya ninavyofanya mimi. Mtume mtu mmoja kwa wafanyabiashara watatu akiwa na picha za bufe, aulize wangeinunua kwa kiasi gani. Juma linalofuata mtume mwingine, asiyejulikana, aulize wangemuuzia kwa kiasi gani bufe kama ile. Watakwambia 150 mlangoni pa kwanza na 450 mlangoni pa pili, vinywa vile vile. Bei ya kweli inalala katikati, karibu zaidi na ya chini.

Kwa vitu ambavyo warithi wawili au watatu wanavitaka, mimi nisingemwita mtu wa nje hata kidogo. Kila mmoja aandike katika bahasha kiasi ambacho yuko tayari kitolewe katika fungu lake ili akipate kitu hicho, bahasha zifunguliwe mbele ya wote, na mwenye kiasi kikubwa akichukue kwa kiasi alichoandika. Aliyeko Liège anaweza kutuma bahasha yake kwako. Utashangaa jinsi euro 5,000 inavyopungua mtu anapoambiwa kwamba zitatoka kwake.

Mama wa Bukavu

Yaya, nisome mimi niliyejifunza kwa hasara. Baba yetu aliacha viti kumi na viwili vya mvule, vya kazi moja, na meza yao. Tuko wanne, basi tukasema haki ni kugawa vitatu vitatu. Sasa hakuna mwenye viti vya kutosha wageni, hakuna mnunuzi anayetaka vitatu, na meza imebaki kwa kaka yetu ikizungukwa na viti vya plastiki. Vitu vilivyozaliwa pamoja viachwe pamoja, apewe mmoja, wengine wafidiwe kwa kingine.

Kosa la pili ni langu mwenyewe. Kulikuwa na kabati la nguo la bibi, jeusi kwa mafuta na moshi, nami niliona aibu kumwita mnunuzi kabla ya kulisafisha. Nikamlipa kijana alikwangue kwa msasa na kulipiga vanishi mbili, likang'aa kama gari. Mnunuzi alipofika alilizunguka mara moja, akapitisha kiganja mlangoni, akasema alikuwa amekuja kununua kabati la kale na hilo sasa ni jipya. Aliondoka. Tafadhali usiruhusu mtu aguse kitu na sabuni, rangi wala msasa kabla ya kuthaminiwa.

Mpenda Picha

Nimesoma yote juu ya bufe, na nimeshangaa kwamba hakuna aliyesimama mbele ya ukuta. Mama, vitu vya kuangaliwa zaidi katika nyumba hiyo huenda ni vile ambavyo mnunuzi alivitupia ndani ya dola 300 kana kwamba ni takataka.

Mwaka wa 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar, na humo walitoka Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Pilipili ndiye wa ndege, samaki na nyoka katikati ya majani na maji, picha ikiwa imejaa mpaka pembeni pasibaki hewa. Mwenze alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyolala sambamba kama ufumaji wa mkeka. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole, nazo alama za vidole huonekana. Kazi zao zilikuwamo katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yaliyofanyika Paris mwaka wa 2015, katika Fondation Cartier, na katika minada ya Bruxelles na Paris picha zao huuzwa kwa maelfu ya euro. Nisikupe tumaini la bure: wako wengi walioiga mtindo huo na kuwauzia Wazungu ndege na samaki mlango kwa mlango, kwa hiyo picha ya mtindo wa Hangar si lazima iwe ya mkono wa Hangar. Tafuta saini katika pembe za chini. Ikiwa fremu imeifunika, usiing'oe mwenyewe. Piga picha mbele na nyuma katika mwanga wa mchana, bila kuifuta vumbi, uende nazo Musée National de Lubumbashi kuomba ushauri.

Mamba muntu ni habari nyingine. Katika miaka ya 1970 alikuwa karibu kila sebule ya mfanyakazi wa Katanga, amechorwa na wachoraji wa mitaani, mara nyingi juu ya kitambaa cha gunia la unga. Geuza picha, pengine utakuta herufi za kiwanda cha unga zimebaki nyuma. Nyingi ni za bei ndogo. Lakini baadhi ya wachoraji wa kundi hilo, hasa Tshibumba Kanda Matulu, wanatafutwa na majumba ya makumbusho, kwa hiyo jina lililo chini ya mkia wa samaki lisomwe kabla ya kuandika «picha 1, dola 5».

Misalaba ya shaba ilikuwa fedha ya biashara kabla ya ukoloni, na ndiyo hiyo iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka wa 1960. Iondoe mlangoni. Kabla ya kuwaza kumtumia mtu yeyote nje ya nchi vitu vya kale kama hivyo, kumbuka kwamba kuna sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inayolinda mali za utamaduni, na kuzivusha mpakani kunataka kibali. Jino la tembo ni gumu zaidi: biashara ya kimataifa ya pembe imepigwa marufuku tangu 1990, na sheria yetu ya hifadhi ya mazingira ya mwaka wa 2014 inamlinda tembo. Liandike kwenye orodha pamoja na urefu wake na jinsi mzee alivyolipata, uache mahali pa bei wazi, na umwombe mdogo wako wa Liège asilitie kwenye sanduku.

Kifunguamimba, Lubumbashi

Ndugu zangu, nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kufanya mliyoniambia.

Cheti cha ndoa ya wazazi wetu kilikuwa katika droo ya cherehani, chini ya vipande vya mishahara ya baba vilivyofungwa kwa uzi. Walioana mwaka wa 1969, na utaratibu ulioandikwa ni ule alioutaja Karani, wa kuchangia mali zilizochumwa. Nilikisoma kwa sauti mbele ya wote. Mama mdogo alikuwa wa kwanza kusema, akasema alijua siku zote kwamba ile ni bufe ya mwenzake. Sisi wanne tumeandika nusu yetu kwenye orodha, na hapo hapo tumeandika kwamba bufe, meza na viti vitabaki vikitumiwa naye, na vitagawanywa baadaye vyote pamoja, visitenganishwe. Nakushukuru, Mama wa Bukavu.

Fundi, meno ya droo yanalingana kama ya kitana. Mgongo ni wa mbao nzima, bungua wa kale tu. Nilimtuma mpwa wangu akauze na jirani akanunue, nao walirudi na bei kati ya dola 180 na 420, basi bufe peke yake imeandikwa dola 260, karibu sawa na alichotaka kutoa yule bwana kwa nyumba nzima. Mdogo wangu wa Liège aliletewa habari ya bahasha. Kwa bufe hakutuma. Ametuma kwa sahani za Boch, dola 90, na hakuna aliyemzidi.

Picha ya ndege ina saini, lakini nusu yake imeingia chini ya fremu, na herufi zinazoonekana ni tatu tu. Imeandikwa «haijathaminiwa, isiuzwe wala kutolewa mpaka ichunguzwe», na watoto wote saba wametia saini pembeni ya mstari huo. Mamba muntu hana jina popote, ila nyuma yake gunia linasomeka vizuri. Binti wa mwisho wa mama mdogo amemwomba, naye amepewa kwa dola 10.

Karani, nina swali moja: katika orodha ya kwanza niliandika bei kwa faranga tu. Nifute?

Karani Mstaafu

Usifute neno lolote kwenye karatasi iliyokwisha kutiwa saini. Andika ya pili yenye bei za dola na kiwango cha siku ile, itaje ya kwanza kwa tarehe yake, wote watie saini upya, na uzihifadhi zote mbili.

Kifunguamimba, Lubumbashi

Imefanyika jana. Saa ya Junghans imekwenda kwa baba mdogo kwa dola 40, zimeingizwa katika fungu lake, naye aliibeba Jumapili ikiwa imefungwa kwa shuka la baba. Ufunguo wa kuikazia ulionekana jioni yake ndani ya bakuli la sukari la Boch, ambalo limeandikwa kwa jina la mdogo wangu wa Liège. Nimeupeleka kwa baba mdogo bila kuuandika popote. Karani anisamehe.